Wikio

Kule maabara nilihesabu mapigo ya seli za neva,
mbili mbili: hii na jirani yake, hii na ya mbali.
Miaka minne, sindano nyembamba kuliko unywele
ikisikiliza ubongo wa nzige.
Swali lilikuwa moja: zikipiga pamoja,
nani kamwambia nani?

Sasa nalala kwenye wikio, hapa Mkomani,
kichochoro chapita chini ya mgongo wangu.
Mlango wa kulia ni kwa Bi Mwanamize,
wa kushoto kwa nduguye, Bi Khole.
Mirathi ya baba yao iligawa nyumba mbili sawasawa
ikalisahau wikio.
Mwaka wa kumi na mmoja huu, hawasemezani.
Na bado wakohoa pamoja.

Nikachukua daftari, si kwa dhihaka, kwa mazoea.
Wino mwekundu kwa Mwanamize, buluu kwa Khole:
kikohozi, mchi, kata kugonga mtungi,
lile "Ya Rabi" la kukaa kitako.

Kwanza nikamtoa wa tatu.
Punda aliaye Langoni huwaamsha wote wawili,
moshi wa jirani achomaye taka huwapalia wote wawili.
Wasioonana waweza kucheza ngoma moja
kwa kuwa mpigaji ni mmoja.

Kisha nikatoa wingi.
Ramadhani michi haipumziki,
na wapigao sana hukutana hata bila nia.
Bali atwangaye mara moja kwa siku,
ukimkuta na mwenziwe, hapo simama.

Kisha muda. Nikihesabu kwa sekunde,
ni wageni. Nikihesabu kwa saa nzima,
Mkomani yote ni mtu mmoja.

Na hili nililiona hata kwa nzige:
wakiwa macho hasa,
huyu na mchele wake, yule na juzuu na miwani,
mapigo huachana, kila mtu na lake.
Ni alasiri, joto, usingizi ukiwanyemelea,
ndipo hufuatana.

Nikaondoa yote hayo. Likabaki salio,
nne katika mia.
Profesa wangu angeliita kelele.
Sikulifuta.

Jana usiku stima ilipotea.
Punda kimya, jirani amelala, hakuna moshi.
Bi Mwanamize akakohoa, kikavu, kirefu.
Nikainua kalamu ya buluu, nikangoja.
Kushoto, kimya.
Kimya.
Halafu komeo likalia, mlango ukafunguka upana wa mkono,
na mkono ulishika kikombe:

"Mpelekee tangawizi hoyo.
Usimwambiye imetoka kwangu."

Hatua saba gizani, kutoka mlango hadi mlango,
kikombe chaniunguza vidole.
Bi Mwanamize akanywa, akanusa, akanywa.
"Sukari amezidisha," akasema. "Kama kawaida yake."

Nikarudi kwa daftari.
Sikujua niandike kwa wino gani.