Muhuri wa Bi Sakashita

Tulifika Jumanne, kumi na wanne, kwa basi la chuo,
kila mmoja na koleo jipya lenye kibandiko cha bei.
Profesa Tsukuda alitugawia fomu kabla ya glovu:
jina, namba ya usajili, saa za huduma,
na chini kabisa kijiduara kitupu
pa kupigwa muhuri wa mwenyeji.
Pasipo muhuri hakuna alama. Alisema mara mbili.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi tulijileta na majembe yetu
na hatukujua pa kuanzia.

Nyumba ilikuwa imepiga magoti.
Paa halikuvunjika. Lilishuka zima,
vigae vyeusi vimepangana kama magamba,
likaketi juu ya jiko, juu ya kalenda,
juu ya keki za mchele za Mwaka Mpya zisizowahi kuliwa.
"Karibuni ndani," alisema Bi Yasue Sakashita,
akatufungulia mlango uliosimama peke yake.
Tukavua viatu. Kwa mazoea.
Profesa akatufokea tuvivae: misumari!

Asubuhi yote tulitoa vitu na kuuliza: na hiki?
Zulia? Tupa. Redio? Tupa.
Bakuli za sandarusi, ishirini, nyekundu kama ndani ya mdomo,
za arusi na za matanga, hazina hata ufa?
Aliipokea moja, akaifuta kwa kiwiko,
akaitazama kama anayesoma.
"Tupa. Nitamlisha nani?"
Ogata akazificha nyuma ya basi.
Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa wema au wizi.

Alichokitaka ni kimoja: muhuri wake.
Kipande cha pembe, urefu wa kidole cha mwisho,
chenye jina la ukoo lililochongwa kinyumenyume.
Ulikuwa kwenye mtoto wa meza, karibu na simu.
Benki inaudai. Manispaa inaudai.
Sisi pia, kimoyomoyo, tuliudai.
Basi siku mbili tukachekecha nyumba ya mtu
kwa chekeche la unga.

Siku ya tatu, saa nane kasoro, Chinatsu,
ambaye tangu Kanazawa hakuwa ametamka neno,
akapiga yowe.
Ndani ya buti la mvua la marehemu mumewe.
Sijui ulisafirije.
Tulishangilia, tukakumbatiana na vumbi letu,
mtu akapiga picha. Ipo kwenye ripoti, ukurasa wa sita.

Picha haionyeshi kilichofuata.
Bi Sakashita aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akatoa karatasi mfukoni mwa aproni, imekunjwa mara nane:
ombi la kubomolewa nyumba kwa gharama ya serikali.
Alikuwa nayo tangu theluji ilipoyeyuka.
Ilikuwa inasubiri muhuri tu.
Akaupumulia, haa,
kama mtu anayefuta miwani,
akaukandamiza.
Duara jekundu, safi, halikutetereka.

Halafu akanyoosha mkono: "Leteni na zenu."
Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.
Fomu kumi na nne, moja moja, haa, na kukandamiza,
akisoma kila jina kwa sauti
na kuuliza mama zetu wanatoka wapi.
Wino ulianza kufifia kwenye ya kumi na moja.
Yangu ilikuwa ya kumi na tatu.
Ukiiinua dirishani utaona nusu ya jina,
na kando yake, kwa mwandiko wangu: saa ishirini na nne.

Swali la mwisho la ripoti: Umejifunza nini?
Niliandika mistari mitatu kuhusu mshikamano. Nikapata alama.

Bakuli zinakaa kwa Ogata, juu ya friji.
Kila tukienda kwake kula, mmoja wetu huzihesabu.
Ishirini.
Tumekubaliana zirudishwe
na hatujui nyumba gani.