Hesabu ya Ishirini

Nyumba yetu ilikuwa na nambari, kama behewa:
kilomita mia na nne, kivuko cha reli, Alentejo.
Vyumba viwili vya chokaa, kisima cha maji ya chumvi.
Treni ilipopita, vikombe viligongana kabatini
kama mawifi waliopatanishwa jana.

Mama, Deolinda, alilipwa kufunga geti na kulifungua.
Bendera kwapani, taa mkononi,
saa ya shirika ikining'inia kwa uzi wa kushonea.
Treni ikishapita, hakufungua.
Alihesabu moja mpaka ishirini, midomo ikicheza,
mpaka reli ziache kunong'ona.

Uzi uleule ulikata yai.
Yai moja la kuchemsha, watu wanne,
mchuzi wa mkate mkavu, kitunguu saumu na giligilani.
Aliyekata alichagua mwisho.
Sijaona tena mkono wa mtoto ukipima kwa haki
kama mkono wa dada yangu Felismina, ulimi nje,
akitafuta katikati ya kiini.

Kisha ikaja siku ya bwana Vasconcelos,
mwenye kila mti tuliouona kutoka dirishani.
Gari jeusi. Honi.
Treni ya mizigo ilikwisha pita, moshi ungali hewani.
Mama yuko kwenye saba.
Honi tena. Nane.
Akateremsha kioo, akamwita Mama jina
ambalo sitaliandika kwenye karatasi safi.
Tisa.
Kumi.
Nilikuwa nyuma ya pipa, nikiomba
aruke, walau aanzie kumi na tano,
nani angejua?

Ningependa kukwambia kwamba kwenye kumi na nane
kiberenge cha mafundi kilichomoza kwenye kona bila filimbi
na bwana yule akashuka kumbusu Mama mikono.
Hakikuchomoza kitu. Reli zilikuwa tupu kama sahani zetu.
Ishirini.
Akainua geti. "Pita salama, bwana."

Kiangazi kile Baba hakuitwa kwenye mialoni ya Vasconcelos.
Herminio, shoka jepesi kuliko wote,
mtu aliyevua gome la vizibo
kama unavyomvua koti mtoto aliyelala.
Alirudi jioni, akakaa, akavua kofia.
"Ulifika ishirini?"
"Nilifika."
"Basi."
Akavuta sahani yake.
Kuanzia hapo alitembea saa tatu kila alfajiri
kwenda kwenye miti ya watu wengine.

Aliwahi kunichukua. Mti ulikuwa uchi, mwekundu,
naye akachovya brashi, akaandika tatu nyeupe shinani:
mwaka sitini na tatu. Usiguswe tena mpaka miaka tisa.
"Na ukiukata ndani zaidi?"
"Hulii leo. Analia atakayekuja."
Miaka tisa ilipotimia, kifua chake kilikuwa kimeshamshinda.
Wengine ndio waliouvua. Nilikwenda kuutazama:
hapakuwa na kovu hata la upana wa ukucha.

Sikuwa mtoto mwema, usinielewe vibaya.
Shuleni nilisema baba yangu ni mkuu wa stesheni.
Nilisema tuna piano.
Felismina alisikia, hakunisaliti,
ila usiku ule, yai lilipokatwa,
alinitazama mpaka nikachukua kipande kidogo mwenyewe.

Reli zimeng'olewa sasa. Kivuko ni njia ya baiskeli,
na watalii hupiga picha ukuta wetu, wanausifu weupe wake.
Mimi niko Lisbon, ghorofa ya tano, sina geti.
Lakini mwanangu akinipigia simu kwa hasira,
akimwaga maneno yenye honi,
husikia kimya upande wangu, kisha hutaharuki:
"Mama? Bado upo?"

Nipo, mwanangu.
Niko kwenye kumi na moja.