Figa la Tatu

Daktari Chepng'eno alitandaza kamba shambani kwetu Seme,
miraba kama ya daftari la hesabu,
akaniambia: Dorsila, wewe shika chekeche.
Mia sita kwa siku, na chai.

Udongo wa juu ulitoa vya juzi:
kizibo cha soda, betri iliyovimba,
kijiko ambacho mama mkwe alimgombeza nacho mke mwenziwe
mwaka mzima, hata wakahama jiko.

Chini ya goti, makome.
Makome juu ya makome, meupe, makavu,
yakilia chekecheni kama mvua ya kwanza kwenye mabati.
Walikula, wakatupa. Wakala tena, wakatupa papo hapo.

Kisha gae, lenye alama za meno ya kitana.
Pembeni palibonyea. Nikatia kidole gumba:
likakikubali.
Mtu alilishika hapa likiwa bichi,
labda kwa haraka, mtoto akimlilia.
Daktari akaandika namba.
Mimi nilitaka kuandika jina.

"Kabila gani hao?" akauliza shemeji Ogutu,
ambaye hata mbuzi humuulizia ukoo.
Daktari akapuliza vumbi:
"Lugha hawakutuachia. Wametuachia walichoshiba."

Mita moja na nusu, jivu.
Figa moja.
La pili limeinama, kama lasikiliza.
La tatu hakuna.
Tukapanua kushoto, tukapanua kulia;
chungu hakiinjikwi kwa mawili,
na mtu hapiki hewani.

Nikainua macho, jasho likinichoma,
nikaliona jiwe la mpaka
kati ya shamba la mume wangu na la Ogutu nduguye:
jiwe la miaka tisa ya kesi Kisumu,
la wakili aliyemaliza fahali wawili,
la matanga ya mama yao, walipokaa migongo ikitazamana.
Babu aliliweka hapa, huapa huyu.
Babu aliliweka kule, huapa yule.
Babu ni mmoja.

Saa ya chai nikachukua mtaimbo, nikaligeuza.
Chini yake, weusi.
Nikasugua kwa kanga, haukutoka;
moto ulikwisha kunywewa na jiwe.

Daktari sikumwambia, siku hiyo.
Jioni nilisonga ugali kupita kiasi chetu,
nikamtuma mtoto amwite Ogutu.
Akaja, akakaa karibu na mlango.
Nilipowanawisha, mmoja kisha mwingine, kwa birika lilelile,
niliuliza tu:
lile jiwe,
babu alilitoa wapi?