Mkebe wa Ijumaa

Jumamosi saa kumi na moja, soko la Kangemi limeanza kuchoka
na nyanya zilizoamka imara zimelegea kidogo mashavuni.
Hapo ndipo ninapofika. Sijachelewa, nimepiga hesabu:
asubuhi fungu ni hamsini, nyanya nne;
jioni ni hamsini ile ile, nyanya sita,
na ya saba ukijua kutabasamu.

Nina mia sita, nimeikunja mara nne kama barua.
Ndengu nusu gorogoro. Vitunguu.
Sukuma iliyokatwa, hapana, nipe isiyokatwa,
iliyokatwa hufika Jumatano imekuwa njano.
Karoti mbili zenye sura mbaya. Karoti haiendi harusini.
Mayai matatu.
Nyama nimeipita, nimeisalimu kupitia kioo cha bucha.

Mutheu hupima ndengu kwa mkono ulionyooka kama rula,
hamwagi, hapunji. Huniuliza,
"Hizi ni za nyumbani ama za kazini?"
Za kazini, namwambia. Nyumbani
ukila ugali kwa chumvi, ukuta haukuangalii.

Kazini ni Westlands, kliniki, ghorofa ya tatu, mapokezi.
Ni mimi ninayesema, "Subiri kidogo, daktari anakuja."
Chini kuna mkahawa, sahani mia tatu na hamsini,
na wenzangu hushuka saa saba kwa kundi, viatu vikicheka ngazini.
Mimi hubaki kwenye foleni ya maikrowevu
na mkebe uliowahi kuwa wa siagi.
Kifuniko chake hakijawahi kunipenda:
mara mbili kimeachilia mchuzi mkobani
mpaka kitambulisho changu kinanukia dania.

Jumatatu ndengu. Jumanne ndengu na yai.
Jumatano wali, na ndengu zimejificha ndani yake.
Alhamisi sukuma, ambayo imesukuma mpaka hapo
ikakaa chini, ikasema, basi.

Ijumaa hakuna.
Ijumaa, walipouliza, nilisema nimefunga.
Neno lilitoka lenyewe, safi, halina doa,
na tangu siku hiyo nikawa mcha Mungu.
Gladwell wa maabara huniletea majina ya wagonjwa wa kwao niwaombee.
Salat wa uhasibu huficha kikombe chake nikipita,
hupunguza sauti kwa heshima,
na tumbo langu hunguruma katikati ya heshima hiyo
kama jirani anayehamisha kabati usiku.
Mbaya zaidi, nimeanza kuwaombea kweli.
Nina orodha.
Mama mkwe wa Gladwell amepona goti.

Leo sijui ni nini kilichonifungua mdomo.
Labda ile nyanya ya saba, Mutheu aliyoitia bila kuangalia.
Nilimwambia yote, kuanzia siagi mpaka sala.
Alicheka mpaka mizani ikatikisika.
Kisha akanyamaza. Akachukua kipande cha gazeti,
akachota ndengu konzi moja, akatazama, akaongeza ya pili,
akafunga.
"Nyongeza. Usizichanganye na zile. Hizi zina siku yake."
Nikataka kulipa. Alishamgeukia mteja mwingine,
vile watu wa soko hufunga mlango pasipo na mlango.

Sasa ni usiku. Zile nyingine zimelowekwa.
Za Mutheu nimezitia kwenye chupa ya jemu, nyuma ya chumvi,
na nimeshazitazama mara tatu
kama mtoto mgeni aliyelala kwangu.

Imebaki shida moja.
Ijumaa saa saba, mkebe ukifunguka mbele ya Salat,
mvuke ukipanda, nitasema nini?
Na yule mjomba wa Gladwell, mwenye figo,
nitamwombea nikiwa nimeshiba.
Sijui kama inahesabika.