Ukoko wa Kibaba

Armas Lehtovaara ameyapima maji ya mtambo huu
miaka thelathini na mmoja
bila kuyaona.
Yanapita ndani ya chuma, moto mara mbili ya chai yako,
yakienda kuwa mvuke,
naye yuko juu, chumbani, anasoma sindano,
anaandika, anakunywa kahawa, anaandika tena.

Bomba limebanwa shingoni.
Maji yakibanwa hukimbia,
na kadiri yanavyokimbia, shinikizo hushuka.
Hesabu ni hiyo, na ni hesabu njema.
Ila walioandika sheria hawakuiamini sana sindano,
wakasema: bakisheni asilimia mbili, msiziguse.
Sadaka ya tusichokijua.

Nje, bahari imeganda hadi kisiwa cha pili.

Tuulikki alikuja Februari na sanduku la vihisi,
akaeleza kama anayemweleza mtoto, kisha akaona haya:
sauti moja huteremka na mkondo,
nyingine hupanda kuukabili,
na inayopanda huchelewa.
Kiasi gani? Jicho halijaanza hata kuwaza kufumba.
Humo, katika kuchelewa kule,
ndimo ilimo kasi ya maji.

Wiki tatu wakalinganisha.
Sindano ya Armas ilisema mia.
Sauti zikasema tisini na nane na nukta sita.
Akarudia. Akabadili waya. Akailaumu baridi.
Mtambo ulipozimwa kwa matengenezo, wakamulika tochi shingoni:
utando mweusi, mwembamba,
kama ukoko usiosuguliwa.

Haba na haba, tunasema, hujaza kibaba.
Hatusemi kibaba chenye ukoko kinapima nini.
Mimi mstari wangu ukizidi mizani moja
sikio hunisuta papo hapo;
shingo ya bomba haikuwa na wa kuisuta.
Ilijisifu mwaka baada ya mwaka,
na Armas, mtu mkweli,
akayaandika majisifu yake kwa mwandiko safi.

Barua ya ruhusa ilifika birchi zikichipua.
Hapakujengwa mnara, hapakuletwa tanuri.
Ilmari, zamu ya mchana, alipandisha kidogo,
akangoja, akapandisha tena,
hadi megawati kumi na moja ambazo jana hazikuwapo
zikaingia nyayani kwenda kwa watu wasiozijua:
majiko, taa ya kibanda cha wavuvi wa barafu, hospitali.
Mngurumo haukubadilika.
Armas, ambaye sikio lake la kushoto limekufa,
alisema ameusikia.

"Na zako zina kosa kiasi gani?" alimuuliza Tuulikki.
"Nukta tatu."
"Nukta tatu," alisema, polepole,
kama mtu anayetajiwa jina la mgeni atakayelala kwake.

Aliomba kipande cha ukoko, wakamtilia kwenye chupa ya dawa.
Kiko kwenye rafu ya sauna yake,
kando ya kipimajoto kinachosema themanini.
Kila Jumamosi, kabla ya kumwaga maji juu ya mawe,
anakigonga kipimajoto kwa ukucha,
mara mbili,
na kukitazama.