Mbichi Tatu

Saa mbili asubuhi, Barabara ya Enterprise,
vikombe vitano nimevipanga juu ya meza ya duara,
maji yamechemka, yamepoa kidogo,
kama hasira ya mtu mzima.
Kazi yangu ni kufyonza na kutema.
Nafyonza kwa kelele ambayo utotoni ningepigwa kofi,
natema ndooni, naandika.
Ndimu. Sukari guru. Udongo baada ya mvua —
hapana, futa, kila mtu huandika udongo baada ya mvua.
Andika: ganda la mua lililotafunwa mara ya pili.

Sampuli ya leo imevuka bahari.
Bolivia, Caranavi, mita elfu moja na mia sita,
haikuonja dawa ya kunyunyiza,
haki imegongewa muhuri wa kijani,
wa mviringo kama wa chifu.
Na kwenye pakiti, picha ya mama mmoja,
kofia ya duara, kikapu kiunoni.
Eulogia Mamani. Hekta mbili kasorobo. Watoto watano.
Hata jina la punda wake limeandikwa.

Nimeonja kahawa ya Kangundo miaka kumi na mmoja
na sijaona jina la mtu kwenye gunia.
Mama yangu ni 0638.
Ndivyo anavyoitwa mizani ikisoma,
ndivyo anavyoitwa malipo yakichelewa,
na mwaka ule wa mbuni tupu,
bei ilipobuniwa na watu
wasiojua kama mbuni ni mti au ndege,
0638 aliitika kama aliyebatizwa hivyo.

Jioni nikabeba gramu mia mbili zilizobaki hadi Umoja,
ghorofa ya nne, mfereji mkavu tangu Jumanne.
Mtungi mmoja nilikuwa nimeuficha kwa jambo hili.
Mama yuko kwangu wiki ya pili:
ametolewa mtoto wa jicho, la kulia,
na sasa anaona kila kitu kwa uchu,
buibui wa darini, kola yangu, senti kwenye risiti.

Nikamchujia kwa kitambaa safi.
Miaka arobaini amechuma
na hajawahi kunywa.
Nyumbani ni chai. Kahawa ni ya karo,
ya mabati, ya kuzikia watu.
Alionja kimyakimya, akatua kikombe.
"Hii ndiyo?"
Nikaanza kumweleza maua ya mchungwa,
utamu unaokaa nyuma ya ulimi.
"Hii ndiyo inayotuvunja migongo?"
Akatia sukari, vijiko vitatu. Akatia maziwa.
Tukacheka mpaka akakumbuka daktari alimkataza kutoa machozi.

Kisha akaichukua pakiti, akaisogeza dirishani.
Nilidhani atasema kuhusu kofia.
Kidole kilikwenda moja kwa moja kikapuni.
"Moja. Mbili. Ya tatu hii hapa.
Amechuma mbichi."
Nikainama. Kweli, kijani kilichojificha kwenye wekundu,
na mimi ndiye ninayelipwa kuona kasoro.
"Huyu anajua kazi, tazama anavyoshika kikonyo.
Mtu kama huyu hachumi mbichi kwa uzembe.
Siku hiyo alikuwa na haraka.
Kuna deni, au kuna mtoto amerudishwa shuleni."

Nikamwonyesha muhuri. Nikamsomea: bei ya haki.
"Soma tena."
Nikasoma.
"Wamesema haki ni shilingi ngapi?"
Nikaigeuza pakiti, mbele, nyuma, hadi kwenye mikunjo ya chini.
Wameandika mita, hekta, watoto,
punda.

Jumapili alirudi kwao, mavuno hayangoji jicho lipone.
Picha ameikata kwa mkasi wangu wa kucha,
ameitia ndani ya kitabu cha ushirika, ukurasa wake.
Muhuri ameniachia.

Leo fomu inadai namba.
Themanini na saba na nusu.
Penye maoni nimeandika: safi, tamu, hukaa mdomoni.
Nimefuta. Nimeandika: mbichi tatu.
Bosi amesimama mlangoni na karatasi mkononi,
anauliza ni katika kikombe kipi.