Zamu ya Vikombe

Jumapili ya Meza, na kina mama wote wameenda Wote
kumzika mamake Ndinda.
Basi la kukodi liliondoka Tassia kabla ya adhana ya alfajiri,
na baada ya ibada Mchungaji akatutazama sisi wazee wa kanisa,
macho yakazunguka, yakazunguka,
yakatua kwangu kama nzi kwenye kidonda.
"Mzee Kimanthi. Vikombe."

Nimewahi kuviombea, kuvibeba, kuvigawa.
Kuviosha, sijawahi.
Nikaketi kwenye bomba nyuma ya kanisa
na suti yangu ya arusi, mikono ya shati nimeikunja,
beseni la bluu katikati ya magoti,
vikombe mia na kumi na viwili,
kila kimoja kimo cha kidole gumba.

Hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba zabibu hugandia chini kabisa,
pale kidole cha mwanamume hakiingii.
Nikatafuta kijiti.

Hiki kina rangi ya mdomo.
Hiki kimetafunwa ukingo, na mtoto haruhusiwi Mezani,
basi kuna mtu mzima mwenye njaa kati yetu.
Hiki ni cha Mzee Kitheka, namjua kwa mkono wake unaotetemeka:
nusu alikunywa yeye, nusu ikanywa tai.
Na hiki
bado kimejaa.

Nani alikipokea, akakitazama,
akakirudisha kwenye sinia bila kukigusa na mdomo?
Mimi ndiye niliyeshika sinia.
Mimi ndiye niliyepita safu kwa safu nikitabasamu.
Sikumwona.

Alhamisi nilikuwa mezani nyumbani, Neno nimelifungua,
naandaa somo la wanaume juu ya unyenyekevu:
beseni, taulo, Bwana ameinama.
Mumbua akaingia kutoka zamu ya usiku, wodi ya wazazi,
miguu imefura ndani ya viatu vyeupe.
Hakusema neno.
Akachukua sufuria ya ugali ya jana, ukoko umekauka kama lipu,
akaanza kusugua.
Nami, Mungu anirehemu, nikamwambia,
"Mama Mwendwa, punguza kelele kidogo, najiandaa."

Chini ya meza Mwendwa alikuwa akichora tembo.
Ana miaka sita. Hakuinua hata kichwa:
"Baba, Yesu aliwaosha miguu.
Vyombo nani aliosha?"

Nikamjibu kwamba maswali mengine
tutajibiwa mbinguni.

Kwenye kikombe cha tisini bomba likakohoa,
likatema kutu, likanyamaza.
Ndivyo Nairobi ilivyo, maji nayo yana zamu.
Nikatoka langoni nikamwita kijana wa mkokoteni,
mtungi mmoja, shilingi thelathini,
akaniona na povu hadi viwikoni, akacheka:
"Mzee, leo mama amekufukuza?"
Nikacheka pia. Kisha sikucheka.

Nilivisuuza vyote, nikavipanga kwa kuinamisha vichwa,
kama watu wanaoomba.
Kile kilichojaa sikukimwaga.
Nilisimama nacho muda mrefu, nikitaja majina kimoyomoyo,
safu ya nyuma, karibu na mlango,
majina machache mno niliyoyajua.

Jioni, orofa ya nne, sikuhubiri.
Nilivua koti, nikajaza beseni,
nikaanza na vijiko kwa sababu vijiko ni rahisi.
Mumbua akafika, sare bado mwilini, mkoba begani,
akasimama mlangoni pa jiko
kama mtu aliyekosea nyumba.
Sikumsimulia mambo ya kanisani. Hakuuliza.

Akaiinua sufuria kutoka kwenye rundo la vyombo safi,
akaigeuza kwenye mwanga wa balbu:
"Chini hujafika."

Akaniwekea mkononi.
Akaketi kwenye kigoda, akavua kiatu kimoja,
kisha kingine.
Nikairudisha majini.